Magari yanayotoa moshi yazuiwe kuingia mjini, au tunamwonea maskini?

Wadau naomba tuliongee hili mpaka tufike mahali maana kila likianzishwa linaishia njiani. Majuzi nilisema magari yenye moshi mchafu yasiruhusiwe katikati ya miji iliyosongamana, nikajibiwa kwamba hapo namwonea maskini, mwenye gari jipya atapita zake na wa gari kuukuu ndo atabaki nje. Hoja nzito na siipuuzi. Ila jamani, maskini wa barabara ya mjini mara nyingi gari lenyewe hana! Yuko pembeni kwa miguu, anasubiri basi, anauza vitu vyake kutwa nzima, kashika mtoto mkono, na yeye ndo anavuta ule moshi kuliko mtu yeyote.

Mimi nimekaa miaka sita ghorofa ya kwanza juu ya barabara ya foleni. Asubuhi nafuta kizingiti cha dirisha, jioni nikipitisha kidole kinatoka cheusi, na sio vumbi la kawaida, lina umafutamafuta, ukilisugua na kitambaa linapakaa tu. Na hayo ni masizi unayoyaona. Yenye hatari zaidi huyaoni, zile chembe za chini ya mikromita 2.5 wakati unywele wa mtu una unene wa kama mikromita 70 hivi, kwa hiyo pua haizikamati, zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na zilizo ndogo zaidi zinaingia kwenye damu, ndo maana habari hii sio ya kikohozi tu, ni ya moyo na kiharusi pia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha hizo chembe kutoka mikrogramu 10 mpaka 5 kwa kila mita ya ujazo, wastani wa mwaka, na cha nitrojeni dioksaidi, gesi inayotoka kwenye ekzosi, kutoka 40 mpaka 10. Halikushusha kwa kujifurahisha, ushahidi ulionyesha watu wanaumia hata kwenye viwango tulivyodhani ni salama.

Halafu umbali una maana sana. Ukisogea mita mia na kitu kutoka barabara kubwa moshi wake unakuwa umepungua mno, lakini mjini nani ana hizo mita mia? Maghorofa yamebana huku na huku, upepo haupiti vizuri, moshi unazunguka palepale chini walipo watu.

London kulikuwa na binti anaitwa Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliishi karibu na barabara yenye magari mengi, alikuwa na pumu kali, akafariki 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake hakukubali yaishe hivyo, akapambana, na mwaka 2020 uchunguzi rasmi wa kifo ukatamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kumuua. Miaka 7 mama anahangaika kupata sentensi moja hiyo. Mimi nikikumbuka hilo nashindwa kabisa kumsikiliza mtu anayeniambia moshi ni kero ndogondogo za mjini.

Sasa nije kwa wanaosema suluhisho ni magari ya umeme tu tusubiri. Yanasaidia, hayana ekzosi, sawa, lakini vumbi la matairi na breki bado lipo, na kusubiri mpaka kila mtu abadilishe gari ni kizazi kizima cha watoto. Mimi ningeanza na mabasi na malori ya dizeli yanayozunguka kutwa, maana moshi wa dizeli tangu 2012 umewekwa kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, na lori moja bovu linachafua kuliko magari madogo kibao. Yapimwe moshi kwa mashine sio kwa macho. Mwenye kampuni ya malori abebe gharama yake, na yule wa gari moja la kutafutia riziki asaidiwe kulibadilisha au kulitengeneza kabla hajaanza kuzuiwa, hapo waliosema namwonea maskini nakubaliana nao kabisa, zuio bila msaada ni uonevu. Pia wanaosema malori yatahamia mitaa ya pembeni wana haki, bila kupanga njia zake tutakuwa tumemhamishia jirani tu.

Na kuna hili la masega. Gari linatoka kiwandani na masega yake kwenye ekzosi ya kusafisha moshi, yanaziba au watu wanayataka kwa ajili ya madini yaliyomo, yanang'olewa, linawekwa bomba tupu na gari linaendelea na safari. Hilo gari hata liwe la juzi linachafua kuliko kuukuu lililotunzwa. Kwa hiyo mimi umri wa gari peke yake siuamini, naamini kinachotoka nyuma. Mafundi naomba mchangie hapa kwa ukweli, mteja akija anataka masega yatolewe huwa mnamwambia nini, na angekuja akijua lazima gari lipimwe moshi mwezi ujao mngeyatoa?