Vileni wa Uingereza: mtumwa, mtwana au mkulima?

Wanajamvi, kuna hoja naisikia kila tunapofasiri historia ya Ulaya ya zama za kati: kwamba vileni, yule aliyelima ardhi ya bwana nchini Uingereza, aitwe tu mtumwa, maana hakuwa huru. Napinga.

Neno lenyewe halikuanzia kwenye minyororo. Asili yake ni Kilatini villanus, mtu wa villa, yaani wa shamba kubwa. Mwaka 1086, mfalme William alipoorodhesha mali ya nchi katika Domesday Book, makarani wake waliandika villani takribani 109,000, na kando yao servi, watumwa hasa, wapatao 28,000. Walioishi nao waliwatenga. Sisi tunawachanganya kwa lipi?

Upande wa pili una jibu zito. Karne ya 13 wanasheria wa mfalme walimwita vileni servus, umoja wa servi, yaani mtumwa. Alilima shamba la bwana siku mbili au tatu kwa wiki bila ujira, alilipa ada binti yake akiolewa, na akifa bwana alichukua mnyama aliye bora zizini. Kuhama hakuruhusiwa. Lakini alikuwa na konde lake, na mbele ya mtu yeyote asiye bwana wake sheria ilimhesabu huru.

Mwaka 1381 wakulima walioasi walipomkabili mfalme Richard II pale Mile End, nje ya London, walidai uvileni ufutwe na kodi ya ardhi iwe peni nne kwa ekari. Mfalme alikubali, kisha akaivunja ahadi. Tazameni dai hilo: wanalilia uhuru, na papo hapo wanapanga bei ya ekari. Hao ni wakulima.

Wapo wanaopendekeza mtwana. Pwani, mtwana ni mtumwa wa kiume, mwenzake kijakazi, tunarudi palepale.

Kinachoniuma ni kwamba Waingereza waliligeuza jina la mkulima huyu kuwa tusi: villain, mwovu. Kwetu ilikuwa kinyume. Kabaila, neno lenye asili ya Kiarabu, alikuwa mtu wa ukoo bora; kufikia Azimio la Arusha, 1967, ukabaila umewekwa pamoja na ubepari kama dhuluma. Lugha yetu ilimlaumu bwana, si mlimaji.

Kwa hiyo napendekeza "mkulima wa mwinyi": kazi yake ipo, na aliyemkalia shingoni yupo. Anayeona jina hilo linaipunguza dhuluma alete lake, mradi limtenge na servus kama walivyofanya makarani wa 1086.