Ripoti za majopokazi ziko wapi? Maoni wanachukua, pesa ni zetu, ripoti tunafichwa

Wasee wacheni leo nilipuke maana nimejaa.

Kila kukichafuka hapa Kenya dawa ni kuunda jopokazi, yaani kamati ya muda ya kuchunguza shida. Elimu ikisumbua, jopokazi. Polisi wakilalamikiwa, jopokazi. Linatangazwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali, orodha ndefu ya maprofesa na majaji wastaafu, hapo katikati kuna mwanasiasa mmoja aliyeanguka kura juzi na anatafutiwa mahali pa kujishikilia. Wanazunguka kaunti, wanarudi, wanapigwa picha Ikulu wakikabidhi kitabu kinono, makofi, kwisha. Sasa wewe uliyeenda kutoa maoni jaribu kuulizia hicho kitabu ndio utajua hujui.

Huku kwetu Eastlands, Nairobi, walikuja. Shirika moja la serikali, silitaji, lilileta kamati yake ya wataalamu kwa ukumbi wa mtaa tujadili soko letu. Kabla mtu hajafungua mdomo karatasi ikapitishwa, jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Wamama walikuwa wamefunga vibanda siku nzima kuja kuskiza. Mama mmoja wa mboga akasimama akauliza, wakijenga hilo soko jipya sisi tutauzia wapi kwa huo muda, na nani ataandika majina ya wenye vibanda ili wageni wasijazwe humo? Swali la maana kushinda yote yaliyosemwa hiyo siku. Mwenyekiti akamjibu, "Mama, hiyo tumeandika." Soda zikagawanywa tukaenda nyumbani.

Ripoti hatujaiona mpaka leo. Kile tumeona ni notisi imebandikwa kwa geti la soko ati vibanda vihamishwe, na ndani yake wameandika kwamba wananchi walishirikishwa kikamilifu. Ushahidi ni gani? Si zile sahihi tuliweka kabla hata mkutano haujaanza!

Nikaandika barua ya kuomba hiyo ripoti, kwa Kiswahili, nikapeleka kwa ofisi zao. Askari wa geti akachukua kitambulisho, karani wa mapokezi akaisoma nusu akanirudishia, ati niandike kwa Kizungu ndio ishughulikiwe, halafu akauliza, "Na unaitaka ya nini?"

Sasa skizeni. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sio mswada, sio pendekezo la NGO, ni sheria inayofanya kazi. Imesema ombi linaandikwa kwa Kiingereza AU Kiswahili. Imesema haki yako haitegemei sababu zako, hata ukiitaka ya kufungia njugu ni shauri yako. Imewapa siku 21 za kukujibu, na wakinyamaza hiyo inahesabiwa kama wamekukatalia, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wanaita Ombudsman, kuomba uamuzi uangaliwe upya. Na juu yake kuna Katiba, Kifungu cha 35, kinachompa kila raia haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na tena kinaiambia serikali ichapishe yenyewe mambo muhimu yanayogusa taifa, bila kungoja mtu aje kupanga foleni na bahasha. Karani hajui haya yote? Simlaumu sana, yeye ameajiriwa kukinga wakubwa wake. Wale walio juu ndio wanajua vizuri na wametulia tu.

Na msiniambie ni mambo ya serikali hii pekee, huu ugonjwa ni wa zamani. Tume ya Akiwumi iliundwa 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila, ikamaliza kazi 1999, ripoti tukaiona 2002. Miaka mitatu ripoti imekaliwa, huku watu waliochomewa nyumba wanangoja. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, ikafika bungeni mwaka huo huo, na mpaka wa leo wabunge hawajaipitisha. Watu walisimama mbele ya umati wakaeleza walivyobakwa, walivyopokonywa mashamba, wengine wameshazikwa bila kulipwa kitu.

Tukuje kwa pesa sasa, maana hapo ndio naumwa. Soma hizo notisi za kuunda majopokazi mpaka mwisho, watu wengi wanasoma majina wanaachia hapo. Huko chini unapata mstari unaosema gharama za jopokazi zitatoka kwa fedha za wizara. Mara nyingi ndio hiyo tu. Hakuna kiasi, hakuna nani analipwa ngapi kwa kikao, hoteli gani. Kwa hivyo ukitaka kujua jopokazi limekula ngapi unatakiwa uvue hiyo hesabu ndani ya bajeti ya wizara nzima, mahali imechanganywa na mafuta ya magari na semina za Naivasha. Mtu akipewa kibarua cha kuchimba mtaro huku mtaani tunajua analipwa ngapi kwa siku. Huyu wa kutuandikia mapendekezo mbona ni siri?

Mashirika ya serikali nayo ni wimbo ule ule. 2013 jopokazi la rais lilihesabu mashirika 262 likasema yapunguzwe yabaki 187. Januari 2025 baraza la mawaziri likatuambia mashirika 42 yataunganishwa yabaki 20 na mengine 25 yavunjwe. Miaka zaidi ya kumi baadaye bado tunaahidiwa kupunguziwa! Katikati hapo ni bodi ngapi zimeteuliwa, zikakaa, zikalipana marupurupu, kwa mashirika ambayo serikali yenyewe inakubali hayana kazi? Ningependa kuona muhtasari wa kikao hata kimoja cha bodi ya shirika linalongoja kuvunjwa. Wanajadili nini jameni, rangi ya mapazia?

Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali angalau anachapisha ripoti zake na unaweza kuzisoma, hapo sina neno. 2024 baada ya vijana kuingia barabarani kuandamana, Rais Ruto akaunda jopokazi la kukagua deni la taifa, wakati Katiba imempa Mkaguzi Mkuu kazi hiyo hiyo. Rais wa chama cha mawakili akateuliwa ndani akakataa, na mahakama ikalisimamisha. Yaani afisi ya kazi iko, inalipwa, inachapisha, na bado mtu anaona heri aunde ya kwake itakayomletea ripoti yeye kwanza. Hapo ndio shida yote iko, hawa watu wanaripoti kwa aliyewateua. Sisi tuko kwa ile karatasi ya sahihi tu.

Najua kuna wale watakuja hapa kusema mambo mengine ni siri ya serikali. Walisema hivyo hivyo kuhusu mikataba ya SGR, ile reli iliyojengwa kwa mkopo wa China, ati ina kipengele cha usiri. Wanaharakati wa Okoa Mombasa wakaenda kortini, Mei 2022 Mahakama Kuu ikaamuru itolewe, na Novemba Murkomen, waziri wa uchukuzi wakati huo, akaanika sehemu ya mikataba ya mkopo. Nchi ilianguka? Wachina walirudisha reli kwao? Kilichotokea ni wananchi walisoma wakajua wanadaiwa na nani kwa masharti gani.

Sasa mimi barua yangu nimeirudisha pale pale, Kiswahili kile kile, nimeambatanisha kipande cha sheria na nikakataa kutoka mpaka nakala yangu ikapigwa muhuri wa tarehe. Huo muhuri ndio muhimu wasee, bila huo watasema hawakupokea kitu. Wamama wa soko nao wanaandika yao, kila mmoja ya kwake, tuone watawaambia wote waandike Kizungu.

Kama kuna mtu humu anafanya kazi kwa hizo ofisi na amewahi kuona ripoti za kamati zikiwekwa mahali, aseme ziko wapi. Na asiniambie niangalie kwa tovuti, nimeangalia, kuna picha za mwenyekiti akipanda miti na ukurasa wa "machapisho" uko mtupu. Na kama ushawahi kuandika ombi kama hili ukajibiwa ndani ya hizo siku 21, niambie ulifanyaje, maana nina barua zingine mbili za kupeleka.