Noir (filamu za uhalifu zenye hali ya giza) tatu za bajeti ndogo kuhusu magenge: ipi tuichambue kabla ya kuandika skripti?

KameraMoja
Wakuu, salaam. Mimi na wenzangu tunataka kutengeneza filamu fupi ya kijana mwenye uchu wa ukubwa ndani ya genge. Tuna kamera moja na taa mbili, na hela ya kujenga seti hatuna. Kabla hatujaandika chochote tunataka tuchukue filamu moja ya zamani ya Marekani, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, tuipitie shoti kwa shoti.

Nimebakiza tatu: The Big Combo (1955) ya Joseph H. Lewis, Murder by Contract (1958) ya Irving Lerner, na Blast of Silence (1961) ya Allen Baron. Zote ni za picha nyeusi na nyeupe, na katika zote genge linaendeshwa kama kampuni: kuna bosi, kuna mshahara, kuna watu wa kufukuzwa. Naomba sababu zenu, si majina tu. Na kwa ambao hawajaziona, humu miisho itatajwa.

BiKivuli
The Big Combo, na sihitaji kufikiri mara mbili. Mpiga picha wake ni John Alton, ambaye alikwisha pata Oscar kwa sehemu ya ballet ya filamu An American in Paris. Hapa kampuni ni Allied Artists, iliyotokana na Monogram, watu waliozoea kutengeneza filamu kwa hela ndogo. Alton anaweka taa moja kali, anaacha kona zote gizani, na wewe mtazamaji unaamini kuna jengo zima nyuma ya giza lile.

Halafu hiyo mada yenu ya uchu imo yote. Bwana Brown, anayeigizwa na Richard Conte, anaamini kwamba wa kwanza ndiye wa kwanza na wa pili si mtu. Msaidizi wake McClure zamani alikuwa juu yake. Sasa amegeuka mtumwa, anavaa kifaa cha kusaidia kusikia, na anapanga kumpindua. Anawashawishi wauaji wawili walioajiriwa na Brown, nao wanamgeuka McClure. Kabla hawajampiga risasi, Brown anamchomoa kile kifaa masikioni, eti anamhurumia asisikie milio. Filamu inanyamaza kimya kabisa. Unaona cheche za bunduki tu, zinamulika moja kwa moja kwenye lenzi.

Hebu piga hesabu ya gharama. Hakuna damu, hakuna maiti, hata sauti ya bunduki hakuna. Na sijaona kifo cha mtu wa tamaa kilichonikaa kichwani kama kile.

Otieno_Skripti
Dada BiKivuli, nimekusoma na tukio la McClure ni kali kweli. Lakini wenzetu hawana Alton. Ukimpa mtu taa mbili ukamwambia aige Alton, mara nyingi atapata picha isiyoonekana kitu.

Mimi nasema Murder by Contract. Ilipigwa kwa takriban wiki moja, na sehemu kubwa ni mchana kweupe, jua la Los Angeles, watu wanaongea ndani ya gari au hotelini. Giza halihitajiki kwa sababu baridi iko ndani ya mtu mwenyewe. Claude ni kijana mwenye kazi halali na anatafuta hela ya kununua nyumba kando ya Mto Ohio. Hicho tu. Hana kisasi na mtu, hana hasira. Ameona mshahara hautamfikisha, akaenda kuomba kazi ya kuua kama mtu anayeomba kazi ya karani.

Tazameni anavyosubiri simu chumbani mwake. Siku zinapita, anafanya mazoezi ya viungo, hatoki. Kitanda, simu, mwili wa mtu: basi. Mwongozaji Martin Scorsese amesema wazi kwamba filamu hii ilimwathiri sana, na ukiiona Taxi Driver yake utajua yale mazoezi ya chumbani yalitoka wapi. Muziki wenyewe ni gitaa la Perry Botkin tu. Kwenye kinyozi anashika wembe, picha inakatwa, na akili yako inamalizia.

Uchu wake unavunjika anapogundua kwamba shahidi anayetakiwa kufa ni mwanamke. Anataka alipwe zaidi, anaanza kusita, na mpango mzima unalegea. Hapo mwandishi wa skripti anajifunza kuliko kwenye kivuli chochote.

MtaaniUsiku
Wadau, mbona Blast of Silence haina mtetezi? Huyu Allen Baron aliandika, akaongoza, na akaigiza mwenyewe. Mwigizaji Peter Falk ndiye aliyekuwa acheze, akapata kazi kwenye filamu nyingine, Murder, Inc., akaondoka. Baron hakuahirisha, akavaa koti akaingia mbele ya kamera.

Seti yake ni jiji la New York wakati wa Krismasi: Harlem, Greenwich Village, feri ya Staten Island. Muuaji wa kukodiwa anatembea peke yake katikati ya watu walioshika zawadi. Pambo lote la jiji lile, taa za madukani na umati, Baron hakulilipia. Tukio la mwisho kwenye kinamasi lilipigwa wakati kimbunga Donna kinapita, 1960, kwa hiyo upepo ule ni upepo wenyewe.

Na KameraMoja, angalia nani anauawa: bosi wa daraja la pili aliyetaka makubwa kupita nafasi yake. Hicho ndicho kisa chenu, ila kimeangaliwa kutoka upande wa anayetumwa kumuua.

BiKivuli
MtaaniUsiku, mitaa nakubali. Ila ile sauti ya msimulizi haikomi! Inamwambia Bono, yule muuaji, "wewe, wewe" tangu treni inatoka handakini mpaka mwisho. Kwa wanaoanza ni hatari, wataacha kuonyesha na kuanza kueleza.

MtaaniUsiku
Hapana dada, sauti ile ndiyo iliyowaokoa. Ukipiga picha barabarani bila kunasa sauti, msimulizi anabeba kazi yote. Tena walioifanya si watu wadogo: maneno ni ya Waldo Salt kwa jina la bandia, sauti ni ya Lionel Stander, na jina lake halikuwekwa. Wote wawili walikuwa wamefungiwa kazi Hollywood kwa sababu za siasa. Unaposikia uchungu ule, haukuigizwa.

Mwl_Historia
Naongeza kidogo. Mnajiuliza kwa nini magenge ya filamu hizi yanafanana na ofisi? Mwaka 1950 na 1951 kamati ya Seneta Kefauver ilihoji wakubwa wa uhalifu, na Wamarekani walifuatilia kwenye televisheni. Mmoja wao, Frank Costello, alikataa uso wake uonyeshwe, kamera zikabaki kwenye mikono yake. Baada ya hapo watazamaji walijua mhalifu mkubwa anavaa suti na ana mhasibu. Tazameni pia Force of Evil (1948) ya Abraham Polonsky, japo bajeti yake haikuwa ndogo hivyo: wakili anayetaka utajiri anamwangamiza kaka yake kupitia bahati nasibu haramu.

KameraMoja
Asanteni sana. Nimeamua tuanze na Murder by Contract, kwa sababu tatizo letu la kwanza ni skripti, na Otieno amenionyesha mhusika anayeweza kubeba chumba kitupu. Tukio la McClure nitampa mpiga picha wetu alirudie hadi alielewe. BiKivuli, swali moja: ule ukungu wa mwisho uwanja wa ndege kwenye The Big Combo, kwa taa mbili unawezekana?

BiKivuli
Unawezekana. Weka taa moja nyuma ya waigizaji, ielekee kwenye lenzi, na moshi uwe kati ya taa na watu. Mbele usiwashe kitu. Taa ya pili iwe mkononi mwa mhusika, kama Susan, mwanamke wa Brown, anavyomgeuzia Brown taa ya gari hadi anakosa pa kujificha. Na pigeni ndani, upepo ukiingia moshi hautatulia.