Msaada wakuu: stepa mota inatetemeka tu, haizunguki

MwanaPasua: Wakuu heshima kwenu. Niko Moshi, natengeneza mashine ya kutotolesha mayai ya kienyeji, boksi limeshakaa sawa, joto linashika 37.5 vizuri, kilichobaki ni trei kujigeuza yenyewe maana mama ndo anashinda nyumbani na siwezi kumwambia awe anaamka usiku kugeuza mayai kwa mkono mpaka siku ya 18. Nimepata stepa mota (mota inayozunguka hatua kwa hatua) ya mtumba, saizi ya NEMA 17, waya nne, imeandikwa 1.5A. Draiva (kisaketi kinacholisha mota umeme) ni A4988, naendesha na Arduino Uno (bodi ndogo ya kuwekea programu), umeme adapta ya 12V 2A ya kamera. Sasa nikiwasha inatetemeka na kunguruma, shafti inaenda mbele inarudi nyuma palepale, na draiva inachemka hata kidole hakikai. Draiva imekufa au tatizo ni kodi ya programu? Nauliza kabla sijapanda gari kwenda Arusha kutafuta nyingine.

FundiSakina: Usipande gari kwanza mkuu. Mota ikitetemeka hivyo hivyo mbele nyuma, cha kwanza kushuku ni waya za koili (waya zilizoviringishwa ndani ya mota) umezichanganya. Hiyo mota ina koili mbili, kila moja waya mbili, na rangi zisikudanganye kila kiwanda kina zake. Zima umeme kabisa, chomoa mota, halafu gusanisha waya mbili zozote uzungushe shafti kwa vidole. Ikiwa laini bado hujapata, ikiwa nzito inakwama kwama basi hizo mbili ni koili moja. Hiyo jozi weka kwenye pini za draiva 1A na 1B, iliyobaki 2A na 2B. Ikizunguka kinyume geuza jozi moja tu. Na nakuomba sana, usichomoe waya wa mota umeme ukiwa unawaka, draiva nyingi zinakufa kwa hilo.

DadaWaNjiro: Naongezea hapo kwenye kuchemka. Kile kiskrubu kidogo juu ya draiva umekigusa? Kinapanga ampea. Weka multimita kwenye volti, waya mwekundu kwenye kiskrubu, mweusi kwenye graundi. Angalia vile virezista viwili vidogo, kama vimeandikwa R100 basi 0.8V ni sawa na ampea 1, kama ni R050 basi ni 0.4V. Usiipeleke kwenye ampea 1.5, A4988 bila hitisinki (kibati cha kupoza) ampea 1 inatosha kuipa shida. Weka na kapasita ya 100 mikrofaradi ya volti 35 au zaidi karibu kabisa na pini za umeme wa mota, graundi ya adapta ikutane na ya Arduino, pini za draiva RESET na SLEEP ziunganishe pamoja.

Mangi_wa_Saketi: Mimi ningetupa hiyo kitu niweke mota ndogo ya AC yenye gia na taima, trei za kununua nyingi ndo zinatumia hiyo. Stepa ya nini kwa mayai?

FundiSakina: Mangi, umeme ukikatika hiyo ya AC inalala, yeye hii anaweza kuilisha na betri ya 12V. Ila stepa kuinua trei yenye mayai moja kwa moja kwenye shafti haitaweza, hapo nakubali.

MwanaPasua: Dah asanteni sana!! Koili zilikuwa zimechanganyika kweli, nimezipanga inazunguka laini kabisa. Virezista ni R100, kiskrubu kilikuwa 1.3V nimeshusha 0.8, draiva sasa ina vuguvugu tu. Swali la mwisho, nikiongeza spidi inakwama tena inapiga kelele?

DadaWaNjiro: Stepa haipendi kuanza na spidi kubwa kaka, inaruka hatua. Tumia AccelStepper, maktaba ya kodi ya Arduino, ianze polepole ipande yenyewe. Na kwa mayai spidi ya nini? Chukua bolti ndefu ya M8 yenye nyuzi mwanzo mwisho, ifunge kwenye shafti, nati yake ndo ivute trei. Mzunguko mmoja ni hatua 200, nati inasogea milimita 1.25, taratibu na ina nguvu. Uzuri mwingine nyuzi zinashika trei zenyewe, kwahiyo ikimaliza kugeuza weka pini ya draiva ENABLE juu (HIGH) ukate umeme wa mota. Ukiiacha imeshika saa zote inachemka, na ikiwa ndani ya boksi itakuharibia hiyo 37.5 yako. Bora mota ikae nje, bolti tu ndo iingie ndani.

MwanaPasua: Nimekuelewa dada, kesho natoboa ubavu wa boksi.