Mama hataki mdogo wangu apelekwe hospitali ya akili. Zamani huko walikuwa wanawafanya nini?

BintiMakorora
Habari za jioni wanajukwaa. Mdogo wangu wa kiume amebadilika tangu mfungo: halali, anaongea peke yake, duka lake kalifunga. Tumezunguka kwa waganga mpaka hela imekata. Mimi na kaka tunataka apelekwe hospitali, mama hataki hata kusikia. Anasema mjomba wake alipelekwa enzi za Mwingereza, na akina bibi walisimulia kuwa huko watu walikuwa wakifungwa minyororo na kupigwa shoti za umeme mpaka wanasahau majina yao. Sitaki kumwambia mama ni uongo kama si uongo. Mwenye kujua historia ya hospitali hizi, za kwetu na za Wazungu, anisaidie.

MzeeWaPongwe
Pole binti. Dalili hizo kwetu zinajulikana. Tafuta wa kumsomea kwanza, hospitali watamlaza usingizi tu.

NesiMstaafu
Pole sana mwanangu. Nimefanya kazi wodi za akili mpaka nikastaafu, sasa nipo Korogwe. Mama yako hajatunga.

Minyororo ilikuwepo. Mwaka 1814, hospitali ya Bethlem kule London, wakaguzi walimkuta mgonjwa aitwaye James Norris amevishwa chuma shingoni na kiunoni, kaunganishwa na nguzo, na alikuwa katika hali hiyo kwa miaka. Lakini tusiwaseme Wazungu peke yao. Huku kwetu mgonjwa akizidi alitiwa mkatale, mguu ndani ya tundu la gogo, nyuma ya nyumba.

Sasa, aliyeifungua hiyo minyororo. Vitabu vingi vinampa sifa Dk. Philippe Pinel wa Paris. Mimi kila nikipata nafasi namtaja Jean-Baptiste Pussin. Hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa ngozi, akaugua tezi, akalazwa hospitali ya Bicêtre, Paris, akapona, akabaki kufanya kazi hapohapo hadi akawa msimamizi wa wodi ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1797 ndiye aliyewavua minyororo wanaume wa Bicêtre, Pinel akiwa ameshahamia Salpêtrière, hospitali nyingine ya Paris. Aliwakataza watumishi kupiga wagonjwa, na watumishi wenyewe alipenda kuwachagua miongoni mwa waliopona. Pinel aliona kazi yake, akamwita Salpêtrière wafanye kazi pamoja. Inaniuma kwamba wanafunzi wa uuguzi wanamaliza chuo hawajalisikia jina hilo.

Mkoa wetu wa Tanga nao una historia. Lutindi, huko juu milimani Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianzisha makao ya watoto waliookolewa utumwani mwaka 1896. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, wakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na mpaka leo ni hospitali, iko chini ya Kanisa la Kilutheri. Kazi za mikono na shamba la chai ni sehemu ya matibabu. Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye, mwaka 1927, chini ya Mwingereza. Huyo mjomba huenda alipelekwa mojawapo ya hizo.

Kuhusu shoti, bibi zako walikuwa na haki ya kuogopa. Madaktari Cerletti na Bini waliianza Roma mwaka 1938, na miaka ya mwanzo mgonjwa alipigwa akiwa macho, misuli haijalegezwa, mifupa ya mgongo ikavunjika kwa baadhi yao. Kusahau pia ni kweli. Na shoti haikuwa mbaya kuliko yote. Daktari Moniz wa Ureno alianza kukata ubongo wa wagonjwa mwaka 1935, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Rosemary, dada yake Rais Kennedy wa Marekani, alikatwa ubongo hivyo mwaka 1941 akiwa na miaka 23. Hakuweza tena kuishi bila kuhudumiwa.

Dawa ya kwanza ya maana ilifika mwaka 1952, klopromazini, ile tuliyoizoea kwa jina la Largactil. Madaktari Delay na Deniker waliijaribu Paris, na wodi zilizokuwa na makelele usiku kucha zikaanza kutulia.

Lakini kidonge peke yake hakifungui kamba. Nimepokea vijana wengi walioletwa na ndugu zao wamefungwa kamba ya mkonge, viganja vimevimba, ngozi imechubuka. Kwanza nilikuwa nawaomba ndugu watoke nje, kwa sababu wengi wana hofu na hofu yao inamwamsha. Nakaa ubavuni kwake, si mbele yake, na chini kuliko yeye. Namwita jina lake. Namwambia, "Nakata hapa kwanza," halafu nakata mkono mmoja, namkandamizia kitambaa chenye maji pale palipochubuka, nampa kikombe cha uji ashike mwenyewe. Akishashika kikombe, nakata wa pili. Kuna siku haikuwezekana, siwezi kukuficha. Siku nyingi iliwezekana.

UstadhiChumbageni
Mzee wangu wa Pongwe, shikamoo. Kusomewa hakuzuii dawa. Sultani Bayezid II alijenga hospitali Edirne, Uturuki, mwaka 1488, na wagonjwa wa akili walitibiwa humo kwa dawa, sauti ya maji na wapiga muziki. Waislamu hao hawakuona kwamba tiba inapingana na dua.

BintiMakorora
Shikamoo mama. Nimemsomea mama yote. Amenyamaza, kisha akauliza: shoti bado wanapiga?

NesiMstaafu
Marahaba mwanangu. Mwambie tiba hiyo bado ipo duniani, ila siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kabisa na misuli hulegezwa kwanza, na hutumika zaidi kwa sonona kali. Siyo mahali pa kuanzia kwa kijana kama wenu. Mpelekeni hospitali ya Bombo asubuhi, na mama aende, aingie, aulize mwenyewe. Watamsikiliza, watampima damu kwanza, maana malaria ikipanda kichwani nayo huleta hivyohivyo. Semeni kama anavuta bangi, msimfichie. Na mabaki ya dawa zote za waganga bebeni kwenye mfuko, hata kama hamjui majina yake, kwa sababu nyingine zinagombana na vidonge.