Dark, Lost, Battlestar Galactica au The Expanse: mwisho upi ulilipa deni?

Nyota ya Tabata
Wakuu, salaam. Tangu Stranger Things ifungwe, saa kumi alfajiri ya Januari 1, 2026 kwa saa za hapa Dar, kila nikikaa na wenzangu mada ni hiyohiyo: Eleven, yule msichana mwenye nguvu za ajabu, kafa au hajafa? Mimi limeniuma jambo jingine. Tamthilia imeanza 2016, halafu swali kubwa kuliko yote linaachwa kwenye simulizi ya Mike, mpenzi wake, uiamini au usiiamini.

Basi tupime miisho ya hizi tamthilia za kisayansi kwa kipimo kimoja: je, mwisho umelipa deni ambalo mwanzo ulikopa? Tahadhari, humu miisho inatajwa waziwazi.

Kwangu namba moja ni Dark ya Wajerumani. Misimu mitatu, vipande 26, kwisha. Msimu wa mwisho ulitoka Juni 27, 2020, siku ileile ambayo ndani ya hadithi dunia inaangamia. Wapenzi wawili, Jonas na Martha, wanazuia ajali iliyoua familia ya yule fundi saa, Tannhaus, na kwa kuizuia wanajifuta wenyewe. Hakuna aliyenusurishwa ili mtazamaji afurahi. Nililia.

Lost naiweka chini kabisa. Semeni. Na mnasubiri ipi kati ya zinazokuja?

Binti Kigamboni
Kaka Nyota, Lost unaionea. Hadi leo kuna watu wanaamini wote walikufa kwenye ndege siku ya kwanza, wakati kipande cha mwisho cha Mei 23, 2010 kilimaliza ubishi: baba yake Jack anamwambia kwamba waliyoyapitia yalikuwa kweli, na kila mmoja alikufa kwa wakati wake. Maswali ya kisiwa yalibaki mengi, sikatai. Ila mimi nilikuwa nawafuata wale watu. Jack anafumbua jicho kwenye mianzi mwanzoni kabisa, na palepale kwenye mianzi ndipo linapofumba. Hapo nilishiba.

Mdau wa Mwenge
Naongezea. Mei 2007 ndipo ilipotangazwa kwamba Lost itaisha 2010. Kabla ya hapo hadithi ilikuwa inazunguka. Mwandishi akishapewa tarehe ya kufunga, ananyooka.

Ubungo Angani
Mbona hamjaigusa Battlestar Galactica, wakati ndiyo pekee hapo iliyotutaja kwa jina? Kipande cha mwisho, Machi 20, 2009: binadamu wapatao 38,000 waliobaki wanatua kwenye sayari, wanaamua kuanza upya, na meli zao zinapelekwa kwenye jua zikaungue. Halafu tunarushwa mbele miaka 150,000 hadi New York, jarida linaeleza kuhusu mabaki ya msichana anayeweza kuwa mama wa binadamu wote. Yamepatikana wapi? Tanzania. Yule msichana ni Hera, mtoto wa binadamu na Cylon, wale roboti wenye sura ya mtu waliopigana na binadamu.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Ukijua kwamba nyayo za Laetoli, zile za miaka milioni 3.6, zilifukuliwa hukuhuku mwaka 1978, unaona kabisa kwa nini waandishi walilenga hapa. Wakuu, safari nzima ya kuitafuta Dunia inaishia nyumbani kwetu! Kwa hilo tu naipa nafasi ya kwanza.

Sista Amana
Mkuu Ubungo, na mimi nilifurahi kusikia jina. Kisha nikaangalia tena sehemu ile ya nyasi. Wenyeji wapo, wana mikuki, wanatazamwa kwa darubini kutoka mbali, na hawatamki neno hata moja hadi tamthilia inaisha. Wageni wanazungumza juu yao, wanajadili watawapa nini. Wale ndio sisi. Inaniuma kwa sababu misimu yote hii tamthilia ilifanya kazi kubwa kuuliza nani ni mtu na nani si mtu, hadi Cylon wakapata sauti, halafu ilipofika kwetu ikasahau swali lake yenyewe.

La pili, mimi ni muuguzi. Watu 38,000 hawawezi kukubali kwa siku moja kuacha dawa na vifaa vya hospitali, wakiwa na watoto, nyikani. Angalau nusu yao wangegoma. Rubani Starbuck kuyeyuka mbele ya mwenzake Lee bila maelezo sikuoni kama ni tatizo, lakini hili la dawa halinipiti.

Ubungo Angani
Dada, la wenyeji kutosema umenigusa. Sina la kulijibu. La dawa nalikataa: wale watu walikuwa wamechoka na vita, na mashine ndizo zilizowafikisha pale.

Sista Amana
Aliyechoka na vita ndiye anayehitaji dawa zaidi, mkuu.

Kijana wa Mbagala
Mimi nasimama na The Expanse. Ilifutwa 2018 baada ya misimu mitatu, mashabiki wakapiga kelele, Amazon wakaichukua, ikafika misimu sita, Januari 2022. Vita ya yule mwasi Marco Inaros ilifungwa vizuri. Shida ni sayari ya Laconia: walitufungulia mlango wa hadithi ile, kisha wakaondoka, na vitabu vitatu vya mwisho ambavyo tamthilia inavifuata havikuguswa. Kwa hiyo, Mdau, kuwa na hadithi iliyoandikwa hadi mwisho hakutoshi kama mwenye fedha anakata.

Mdau wa Mwenge
Kweli. Ndiyo maana kwa zinazokuja naangalia vitu viwili: mwisho upo, na misimu imeshalipiwa. Silo inavyo vyote, vitabu vitatu vya Hugh Howey na msimu wa nne umetangazwa kuwa wa mwisho. 3 Body Problem pia, misimu ya pili na ya tatu imethibitishwa ili kumaliza hadithi ya Liu Cixin.

Binti Kigamboni
3 Body Problem iko mikononi mwa Benioff na Weiss, wa Game of Thrones. Walipoishiwa vitabu kule tuliona kilichotokea.

Mdau wa Mwenge
Safari hii vitabu vyote vitatu vilitoka zamani, dada, na yupo mwandishi mwingine, Alexander Woo, pamoja nao.

Nyota ya Tabata
Binti Kigamboni, Lost naipandisha juu ya The Expanse, ile hoja ya mianzi imenishinda. Dark haishuki. Battlestar Galactica nitaiangalia upya nikiwa na maneno ya Sista Amana, kisha nitarudi hapa kusema naiweka wapi.