PhD ya uchumi wa elimu: Mlimani kupitia AERC, Sweden au Marekani?

Binti_Moro
Wakuu, salaam. Nina shahada ya uzamili ya uchumi, ni mhadhiri msaidizi, na mwajiri ameshanipa ruhusa ya masomo. Ninachotaka kuchunguza: ada ya sekondari ilipofutwa hadi kidato cha nne Januari 2016, watoto walioingia kwa wingi walijifunza kweli? Njia zilizo mbele yangu ni hizo tatu za kwenye kichwa cha habari: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM, yaani Mlimani) kupitia AERC, muungano wa Afrika wa utafiti wa uchumi, au Sweden, au Marekani. Mume na watoto wawili wadogo lazima wawemo kwenye hesabu. Nisaidieni kulinganisha.

Mlimani_Juu
Mimi kura yangu ni AERC. Programu yao ya pamoja ya PhD ipo tangu 2002: unasoma maikro, makro na ekonometria (takwimu za kiuchumi) chuoni, kisha mnakusanyika Nairobi na wenzenu wa vyuo vingine kwa masomo ya hiari. Pale ndipo unapowapata watu wa kufanya nao kazi miaka mingi ijayo. Uliza mapema masomo ya hiari ya mwaka wako yatakuwa yapi. Halafu kuna vibali, jambo ambalo watu hawalisemi sana. Ukiwa mwanafunzi wa UDSM, barua ya utafiti inatoka chuoni. Ukisajiliwa nje, unaanzia COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, ndipo uende mkoani, halmashauri, hadi kwa mkuu wa shule.

Kaskazini
Niko Sweden. Hapa mwanafunzi wa PhD kwa kawaida ni mwajiriwa: mshahara kila mwezi, hakuna ada, miaka minne, na ukifundisha muda unaongezwa. Kwa mama wa watoto wawili sioni cha kushindana nayo. Ila watafiti wa elimu wa huku wamezoea rejista za taifa, zinazomfuata mtoto toka darasani hadi kazini. Ukikosa msimamizi anayeijua Afrika, utajikuta unaandika kuhusu shule za Stockholm. Gothenburg wana historia ndefu ya uchumi wa maendeleo na wanafunzi wa kutoka kwetu. Anza hapo.

Dala_Ksm
Dada, Marekani kozi ni nzito: kama miaka miwili ya darasani, mitihani ya kufuzu, ndipo utafiti. Ukipata ufadhili kamili, ada unasamehewa na unalipwa posho kwa kufundisha. Lakini mwenzi anayekuja kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi, na posho moja kwa watu wanne haifiki mwisho wa mwezi. Tena tofautisha idara ya uchumi na kitivo cha elimu. Teachers College ya Columbia ina programu ya uchumi na elimu, ila kama utarudi kufundisha idara ya uchumi, uliza kwanza chuo chako kitaitambuaje shahada hiyo.

Takwimu_Dom
Naona swali lenyewe limerukwa. Ada ilifutwa nchi nzima kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna wilaya iliyobaki nje ya kulinganisha nayo. Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yapo mtandaoni shule kwa shule, lakini yanaonyesha waliofika kwenye mtihani tu. Wastani ukishuka, huenda shule haijaharibika. Mtoto ambaye zamani angebaki nyumbani sasa naye anafanya mtihani. Shirika la Uwezo limewapima watoto majumbani, hata wasio shuleni, lakini kwa kiwango cha darasa la pili, na hicho hakitoshi kwa kidato cha nne. Msimamizi atakayekuonyesha njia ya kulivuka hilo ndiye wa kumfuata, awe Mlimani au Gothenburg. Soma pia utafiti wa mchumi Isaac Mbiti na wenzake wa 2019 katika shule za msingi 350 za hapa Tanzania: ruzuku kwa shule peke yake haikupandisha alama, ruzuku pamoja na bonasi ya walimu kwa matokeo ya wanafunzi ilipandisha.

Binti_Moro
Asanteni sana. Takwimu_Dom, nafikiria kata ambazo kabla ya 2016 watoto wachache walikuwa sekondari, nizilinganishe na zile ambazo wengi walikuwa wanasoma tayari. Marekani naiweka pembeni kwa ajili ya familia. Nitaomba AERC na Sweden zote mbili.

Takwimu_Dom
Hapo sawa. Angalia tu kata hizo zisiwe ndizo zenye shule changa zisizo na walimu wa hisabati, maana utashindwa kutenganisha kipi kimesababisha nini. Liandike wazo hilo kurasa mbili, uliambatanishe kwenye barua yako ya kwanza kwa kila msimamizi.